Atafuatiwa na Nani? Zamu ya Kusema Bungeni, Ikitazamwa Kutoka Mpanda

"Namwita Mheshimiwa fulani, atafuatiwa na Mheshimiwa fulani, na Mheshimiwa fulani ajiandae." Yeyote aliyezoea kufuatilia Bunge la Tanzania redioni anayajua maneno haya. Hutamkwa na Kiti, yaani Spika au anayeongoza kikao, mara kadhaa kila kikao, majina tu yakibadilika. Wa kwanza anawasha kipaza sauti, wa pili anapanga karatasi zake, wa tatu, kama alikuwa kantini, anarudi upesi. Waliobaki, nao ni mamia, wanasikiliza na kukisia kama leo watafikiwa.

Nani anaingia katika majina yale matatu, na kwa utaratibu gani? Jambo hili linaonekana dogo, la makarani. Lakini limewahi kuwatoa wabunge ukumbini kwa mwezi mzima, na limewahi kuwaingiza askari ndani yake. Naisimulia historia yake nikiitazama kutoka Mpanda, kwa sababu kati ya 2005 na 2015 wilaya hiyo ilikuwa na wabunge wawili waliokaa kwenye ncha mbili za foleni. Mmoja, kwa miaka mingi kati ya hiyo, hakuhitaji kuomba zamu kwa mtu. Mwingine alitoka katika chama ambacho mwanzoni majimbo yake nchi nzima yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Mpanda ni mwisho wa reli. Tawi linalochepuka Kaliua kwenye reli ya kati lilifikishwa huko mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya machimbo ya Uruwira, na machimbo yalipofungwa treni iliendelea kuja. Kiutawala nako mji huu umekaa mkiani miaka mingi. Enzi za Mwingereza ilikuwa wilaya ya Jimbo la Magharibi, makao yakiwa Tabora, na baada ya uhuru ikabaki mkoani Tabora. Mwaka 1974 ikaunganishwa na Sumbawanga kuunda Mkoa wa Rukwa, na makao yakawekwa Sumbawanga. Machi 2012 ndipo ulipozaliwa Mkoa wa Katavi, Mpanda ikawa makao makuu ya kwake yenyewe. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, mafaili yake yalikwenda kusainiwa mji wa wengine. Watu wa mahali pa namna hiyo hulipima Bunge kwa jambo moja: mtu wetu amesema, au hakusema?

Zamani hakukuwa hata na mtu wa kusema. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipokaa mara ya kwanza, Desemba 1926, aliyeliongoza alikuwa Gavana mwenyewe, Donald Cameron. Pamoja naye walikuwamo maofisa 13 wa serikali na wajumbe 7 wasio maofisa, wote wa kuteuliwa, Wazungu 5 na Wahindi 2. Mwafrika hakuwemo. Waafrika wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha, waliteuliwa mwaka 1945, wakakuta mjadala unakwenda kwa Kiingereza na kiti kimekaliwa na mkuu wa serikali. Mwaka 1953 ndipo Gavana alipokiacha kiti hicho na Brigedia W.E.H. Scupham akawa Spika wa kwanza. Wanaoandika historia ya Bunge letu huupita mwaka huu haraka mno, wakikimbilia uhuru. Kwangu mimi ni mwaka mkubwa. Kabla yake, hata kama zamu ingegawiwa kwa upole wa malaika, mgawaji alikuwa ndiye mwenye hoja, mwenye wingi wa kura na mwenye nchi.

Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulifanywa kwa kura tatu, kila mpiga kura akilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Jimbo la Magharibi lote, yaani Tabora, Kigoma, Ufipa na Mpanda na wilaya nyingine zilizokuwamo, lilipeleka watu watatu Dar es Salaam. Hata wangepewa nafasi kila siku, Mpanda ingengoja watu wa Tabora wamalize shida zao kwanza.

Baada ya uhuru Kiswahili kikaingia ukumbini Karimjee, na Adam Sapi Mkwawa akakalia kiti tangu 1962. Alikaa hadi 1973, akarudi 1975, akaendelea mpaka 1994. Katika Bunge la chama kimoja ugomvi wa zamu kati ya pande mbili ulikufa wenyewe, kwa kuwa upande ulikuwa mmoja. Nafasi ya kusema ilipatikana. Hatari ilimfuata mtu akishakaa. Oktoba 1968 chama hicho kimoja, TANU, kiliwafukuza wabunge kadhaa, na kufukuzwa chama kulikuwa kupoteza kiti. Mmoja wao alikuwa Joseph Kasella Bantu wa Nzega, mkoa uleule wa Tabora ambao Mpanda ilikuwa ndani yake, mtu aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU yenyewe. Kwa wabunge waliobaki, somo la kuchagua siku ya kusimama na siku ya kutulia lilikuwa limefundishwa bila ubao.

Vyama vingi viliporudi, kanuni zikalazimika kujibu maswali yaliyolala miaka thelathini. Kanuni za Bunge za mwaka 2007 ziliweka njia tatu za kuomba nafasi. Mbunge anaweza kumpelekea Spika jina lake kwa maandishi. Anaweza kusimama kimya mahali pake na kusubiri kuitwa. Au anaweza kutumia kifaa cha elektroniki kilichofungwa ukumbini. Njia ya pili ndiyo ya kale kuliko zote, imekuja na meli kutoka Westminster: wanaotaka kusema wanasimama, na anayeonwa ndiye anayeitwa. Ina uzuri wake, maana haina karatasi wala mtu wa katikati. Ubaya wake ni kwamba jicho la binadamu huona mbele kabla ya nyuma, na huona uso unaoujua kabla ya mgeni. Mbele kulia kwa Spika hukaa mawaziri, mbele kushoto wakuu wa upinzani. Mbunge wa jimbo la mbali aliyeingia juzi hukaa nyuma, na akisimama, mgongo wa aliye mbele yake umesimama pia.

Mwaka 2005 Mpanda ilikuwa na majimbo matatu: Kati, Mashariki na Magharibi. Mpanda Mashariki ilimrudisha Mizengo Pinda wa CCM, aliyeingia bungeni mwaka 2000, na punde akawa waziri wa TAMISEMI. Mpanda Kati iliwashangaza wengi. Ilimchagua Said Amour Arfi wa CHADEMA. Chama hicho kilishinda majimbo matano tu nchi nzima: Karatu kwa Wilbrod Slaa, Moshi Mjini kwa Philemon Ndesamburo, Tarime kwa Chacha Wangwe, Kigoma Kaskazini kwa Zitto Kabwe, na hili la Arfi. Hebu itazame ramani. Mawili kati ya matano yalikuwa upande wa Ziwa Tanganyika, kulikoaminika kuwa habari huchelewa kufika.

Juni 2006 Bunge lilihamia ukumbi mpya Dodoma, na wa zamani ukabakia na jina la Msekwa. Spika alikuwa Samuel Sitta, mtu wa Urambo, mkoani Tabora, aliyejitangaza kwa kaulimbiu ya kasi na viwango. Katika Hansard za miaka ile, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, kuna jambo linalonivutia kuliko kelele za mkataba wa Richmond, nitakaoufikia. Kiti kilihesabu kwa sauti. Kabla ya kuita wachangiaji, Spika au Mwenyekiti aliye kitini angewaeleza wabunge kwamba ataanza na wale ambao hawajachangia kabisa, kisha waliochangia mara moja, kisha mara mbili. Jina likitajwa, liliweza kutajwa pamoja na hesabu yake. Aliyesema jana alijua kwa nini leo hayumo. Aliyenyamaza tangu mkutano uanze alijua kwamba ukimya wake umeandikwa mahali.

Hesabu hiyo ilikuwa na kazi ngumu. Bunge lile lilikuwa na wabunge zaidi ya 300. Chukua bajeti ya wizara iliyopangiwa siku moja. Asubuhi kuna maswali, kisha Waziri anatoa hoja, Mwenyekiti wa Kamati anasoma maoni, Msemaji wa Upinzani anasoma ya kwake, na saa saba mchana imekwisha fika. Bunge linarudi saa 11:00 jioni na kusitishwa saa 1:45 usiku. Hizo ni dakika 165. Kila mtu akipewa dakika 15 wanapata watu 11, akipewa 10 wanapata 16, na hapo Waziri hajahitimisha, wala Kamati ya Matumizi haijaanza kupitisha vifungu huku watu wakishika shilingi ya mshahara wa Waziri. Halafu toa dakika za pongezi. Anayeitwa humshukuru Mwenyezi Mungu, humpongeza Waziri, Naibu wake, Katibu Mkuu na watendaji wote, huwasalimu wapiga kura, na kabla hajataja barabara moja kengele ya kwanza imelia. Wahariri wa Hansard huandika kwa ustaarabu, kwenye mabano, kwamba kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Wamelazimika kuuandika mstari huo mara nyingi kuliko hoja nyingi.

Asiyefikiwa huandika. Mchango wa maandishi huingia katika kumbukumbu, na Waziri akihitimisha husoma orodha ndefu ya majina ya waliochangia kwa kuzungumza na ya waliochangia kwa maandishi. Kwa kanuni wako sawa. Kwa mkulima wa Karema mwenye redio kando ya ziwa, mchango wa namna hiyo ni jina la mbunge wake likitajwa katikati ya majina mengine, kisha basi.

Zamu iliyobadilisha historia ya Mpanda haikuwa ya mtu wa Mpanda. Februari 6, 2008, Harrison Mwakyembe aliwasilisha ripoti ya Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Siku iliyofuata ulipofunguliwa mjadala, Spika alimpa nafasi Waziri Mkuu, Edward Lowassa. Alilalamika kwamba Kamati haikumwita kumhoji, ikamhukumu bila kumsikiliza, kisha akatangaza kuwa amemwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu. Ukitaka kujua uzito wa kusema mapema, hapo ndipo pa kuangalia. Wabunge waliokuwa wamejiandaa kwa mjadala mmoja walijikuta katika mwingine. Lowassa alilalamikia zamu aliyonyimwa mezani kwa Kamati, akiwa ndani ya zamu aliyopewa ukumbini. Na kwa kanuni, mwenye kutoa hoja ndiye wa mwisho kujibu, kwa hiyo wa kwanza, hata akitikisa nchi, hafungi mlango.

Kesho yake Bunge lilimthibitisha Mizengo Pinda kuwa Waziri Mkuu. Mtu wa Kibaoni, aliyependa kujiita mtoto wa mkulima, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni. Tangu hapo hakuwa na haja ya kupeleka jina. Kila Alhamisi, kwa nusu saa, yeye ndiye aliyekuwa akijibu maswali ya papo kwa papo, na hapo palikuwa na ngazi iliyo wazi: Kiongozi wa Upinzani, wakati ule Hamad Rashid Mohamed wa CUF, alipewa swali la kwanza, halafu wengine wakafuata. Dakika chache za mwanzo zilikuwa za upinzani hata kama wapinzani ukumbini ni wachache. Naiona kuwa kanuni nzuri kuliko nyingi tulizonazo, kwa sababu haikumtegemea aliyeamka vizuri siku hiyo.

Baada ya uchaguzi wa 2010 hali ikachemka. Pinda alipita bila kupingwa katika jimbo lililopewa jina la Katavi, Arfi akarudi kwa jimbo la Mpanda Mjini, na Anne Makinda akawa Spika mwanamke wa kwanza. CHADEMA sasa ilikuwa na wabunge 48, ikaunda kambi ya upinzani peke yake bila CUF. Februari 2011 kanuni zikarekebishwa ili Kambi Rasmi ya Upinzani ihesabiwe kuwa ya vyama vyote vya upinzani, na CHADEMA wakatoka nje. Msomaji anaweza kuudhani kuwa ubishi wa vyeo. Chini yake kulikuwa na zamu: nani atasoma maoni ya upinzani mara baada ya Waziri, wakati nchi bado inasikiliza na taa za kamera hazijazimwa.

Septemba 5, 2013, mezani palikuwa na Muswada wa marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Katiba. Kiti kilikuwa kwa Naibu Spika Job Ndugai. Freeman Mbowe, Kiongozi wa Upinzani, alisimama akitaka kusema. Ndugai akamwambia akae. Hakukaa. Upande mmoja ulishika desturi, kwamba kiongozi wa kambi akisimama husikilizwa. Upande wa pili ulishika mamlaka ya Kiti, kwamba hakuna asemaye bila kuitwa. Naibu Spika akaamuru askari wamtoe, wabunge wa upinzani wakamzunguka, wakasukumana na askari mbele ya kamera. Mbowe alikuwa anadai dakika chache. Nikiyapima leo naona wote wawili walikuwa na hoja, na ndiyo maana kosa nalitafuta katika kanuni yenyewe: ilikuwa imeiacha haki ya mtu mkubwa kama Kiongozi wa Upinzani iishi kwa mazoea. Arfi wakati ule alikuwa Makamu Mwenyekiti wa chama hicho upande wa Bara. Mwaka ulipokuwa ukiishia, baada ya Zitto Kabwe kuvuliwa nyadhifa zake, alijiuzulu cheo hicho.

Mwaka 2016 ulileta mambo mawili kwa mpigo. Januari 27 Waziri Nape Nnauye alitangaza kwamba TBC haitarusha tena mijadala ya Bunge moja kwa moja, sababu ikiwa gharama. Wapinzani walipinga hadi polisi wakaingia ukumbini. Kwa mji kama Mpanda hasara ilikuwa ya aina mbili. Zamani aliyeitwa saa kumi na mbili jioni alisikika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Sasa baada ya foleni ya Kiti kukawa na foleni ya pili, ya mhariri wa kipindi cha usiku, na hiyo haikuwa na kanuni ya kusimama kimya wala ya kupeleka jina.

Kisha, Mei 30, mbunge wa upinzani Joshua Nassari aliomba Bunge lijadili wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliorudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Naibu Spika Tulia Ackson hakuruhusu. Wapinzani wakaanza kutoka kila alipokalia kiti, wakaendelea hivyo Juni yote, siku nyingine wakiwa wamevaa nguo nyeusi, siku nyingine wakiwa wameziba midomo. Bajeti ya nchi ikapita wao wakiwa nje. Kwa hesabu ya zamu, wenzao waliobaki walipata nafasi nyingi ajabu.

Wakati huo utaratibu wenyewe ulikuwa umebadilika, polepole na bila kelele. Ile hesabu ya hajachangia, amechangia mara moja, ilizidi kufifia. Orodha zikawa zinakuja kutoka vyama, muda ukigawanywa kwa uwiano wa viti, na wenyeviti wa vikao walisikika wakiwakumbusha wabunge wenye malalamiko kwamba majina yanaletwa na vyama vyao. Dakika 10 zikawa za kawaida, na mara nyingi 5. Likaja na neno la kugawana: chama kina dakika 10, wawili wanagawana. Si utaratibu wa kijinga. Kabla yake chama kidogo kingeweza kumezwa, na uwiano unakilinda. Nairobi walichagua njia nyingine, ya kadi na kitufe mezani, Spika akiona kwenye skrini nani ameomba. Hata huko skrini haimwiti mtu. Spika bado anachagua. Lakini ya Dodoma ina kasoro ambayo ya Sitta haikuwa nayo. Uamuzi umehama kutoka kwenye Kiti, ambako ulisemwa mbele ya watu na kuandikwa kwenye Hansard, ukaenda kwa wanadhimu wa vyama, ambao hawana Hansard.

Kufikia 2020 Katavi ilikuwa na majimbo matano: Mpanda Mjini, Mpanda Vijijini, Nsimbo, Katavi na Kavuu. Katika uchaguzi wa mwaka huo yote yalikwenda CCM, na katika jirani yake Rukwa, Nkasi Kaskazini ilimpeleka Aida Khenani, mbunge pekee wa jimbo wa CHADEMA nchi nzima. Chama tawala kilipojaza karibu ukumbi wote, uwiano ukakosa kazi. Foleni ndefu ikawa ndani ya chama kimoja, jimbo kwa jimbo, mwanachama na mwanachama mwenzake. Mbunge wa Mpanda anayetaka kusema juu ya barabara, umeme au bei ya mahindi wiki ya Wizara ya Ujenzi, ya Nishati au ya Kilimo anashindana na wenzake wa kijani wenye barabara zao, na anayemwamulia ni mwenzake pia. Hansard itaonyesha, kwa yeyote wa Mpanda mwenye subira ya kuhesabu, ameitwa mara ngapi mwaka mzima na kengele imemkuta wapi. Haitaonyesha siku alizopeleka jina na likabaki kwenye karatasi ya chama.